Usaha wa Mara ya Tatu

Mdogo wangu alikuwa na kitalu cha miche na maua nyuma ya kituo cha mafuta. Siku moja mwiba wa waridi ulimchoma karibu na kiwiko, akauchomoa kwa kucha, akaendelea na kazi. Baada ya wiki tatu pakatunga jipu. Likapasuliwa zahanati, likarudi. Likapasuliwa tena, na safari hii yakarudi mawili.

Hospitali kubwa wakasema usaha upimwe maabara, ijulikane ni bakteria gani, ndipo wajue dawa ya kumpa. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka, maana wifi yangu alibaki kuangalia kitalu. Mume wangu alinifia mikononi baada ya kuugua muda mrefu, kwa hiyo kuuguza nakujua. Na mama alitulea kwamba mgonjwa hapelekwi mbele za watu akinuka. Asubuhi ya kwenda hospitali nilisali, nikachemsha maji, nikatia dawa ya kuua vijidudu kifuniko kizima. Nikakamua jipu mpaka ikatoka damu tupu, nikasafisha, nikafunga kitambaa cheupe.

"Dada, unanisugua kama sufuria iliyoungua," alisema, machozi yakimlengalenga.

"Nyamaza. Unataka binti wa maabara azimie?"

"Akizimia nitamdaka kwa huu mkono mzima."

Yule binti alipitisha kijiti chenye pamba juu ya kidonda, akaingia nacho ndani. Baada ya siku tatu jibu likatoka: hakuna bakteria aliyeota. Mara ya pili nikamwosha vile vile, na jibu likawa lile lile. Daktari akabadilisha vidonge. Mkono ukazidi kuvimba, kikohozi kikaanza. Nilifunga siku tatu nikimwomba Mungu aonyeshe huo ugonjwa ni nini.

Mara ya tatu maji yalikatika mtaa mzima. Sikupata hata kopo. Nikampeleka vile alivyoamka, kitambaa kimegandamana na ngozi, na njiani nikafungua dirisha la gari kwa aibu. Binti alipokifungua nikamwomba radhi.

"Radhi ya nini, mama? Leo ndiyo nimeupata usaha wenyewe," akasema, akauvuta kwa bomba la sindano. "Siku zile nilikuwa napangusa ngozi safi. Mlikuwa mnaosha kwa kitu gani?"

"Maji tu," nikasema.

Mdogo wangu akanitazama, akanyamaza.

Safari hii binti hakuitupa sahani ya kuoteshea bakteria siku ya tatu, kama zile za mwanzo. Siku ya sita akaniita nikaione: vidoa vyeupe vikavu, kama unga wa chaki, vyenye harufu ya udongo ulionyeshewa. Akasema ni bakteria wa udongoni, anayeota polepole, na kwa watu haonekani mara nyingi. Dawa yake ipo, tena ni vidonge vya kawaida kabisa, ila vinywewe miezi mingi.

Alivinywa siku nne. Siku ya tano alianza kuniita mama, na kikombe kikamshinda kushika. Picha ya kichwa ikaonyesha jipu jingine ndani ya ubongo. Jumanne mchana, wauguzi wakimbadilisha shuka, akakata roho.

Wifi yangu hakulia. Alishuka ngazi hadi maabara, mimi nyuma yake, akamkamata yule binti ukosi wa koti.

"Mara mbili mmetuandikia hakuna kitu! Mlikuwa mmelala?"

"Sahani nilizitupa mapema, mama," binti akasema polepole. "Ndiyo utaratibu wetu, siku tatu. Labda ningesubiri..."

"Mmeniulia mume wangu!"

Watu wakajaa mlangoni. Nikajua nikikaa kimya hakuna atakayeuliza tena mpaka naingia kaburini. Lakini jioni ningepiga magoti niseme nini?

"Mwachie, wifi," nikasema. "Usaha nilikuwa naumaliza nyumbani. Nikamwosha kwa dawa kali, mara zote mbili. Binti aliniuliza, nikamdanganya."

Mkono wake ukaachia ukosi.

"Mume wangu alikuwepo ukidanganya?"

"Alikuwepo."

"Akasema nini?"

"Hakusema."

Akaketi sakafuni, na hapo ndipo akalia. Nikanyoosha mkono nimshike bega, akalisogeza. Binti wa maabara ndiye aliyeinama akamkumbatia. Mimi nikasimama mlangoni, nikawaomba watu wapite.