Vikoti Vyekundu vya Kifungo na Zipu

“Basi zing’oe hizo chanja, ukaanikie samaki wako kwingine,” Fundi alikuwa akisema, na hiyo ilikuwa mara ya tatu, maana kila aliyetoka bafuni au jikoni kuja kusikiliza ilibidi aanzishiwe ugomvi upya ili naye asipitwe.

Mama Chanja hata uso hakuinua. Aliendelea kugeuza samaki mmoja mmoja juu ya vile vitanda vyake vya fito, akasema yeye ana miaka sita katika ua huu, hao mwewe anaoambiwa anawaita wana miaka mingi kuliko yeye, na Fundi ana minne tu. Kama kuna wa kuhama, watu wapige hesabu wenyewe. Tukacheka. Fundi hakucheka, na kusema kweli sote tulijua kwa nini.

Fundi ni fundi cherehani, anakaa mlango wa kwanza na mama yake, ambaye ua mzima tunamwita Bibi. Mwaka jana Bibi alipooza upande wa kushoto. Mguu ukawa unarudi kidogo kidogo, kwa kubembelezwa. Mtaalamu wa mazoezi aliagiza kila asubuhi atembee toka mlangoni hadi ukutani na kurudi, mara sita. Lakini Bibi ukimwambia atembee anakuuliza aende wapi. Alichokubali ni kuwafuata mbwa.

Hao mbwa ni wawili, tumbo moja, na wote wanaenea katika kapu moja la nguo chafu. Mmoja ni Kifungo, kwa sababu ni mviringo na hana maneno. Wa pili ni Zipu, kwa sababu mdomo wake ukishafunguka hakuna anayeweza kuufunga. Asubuhi wakitoka kunusanusa, Bibi huwa nyuma yao na fimbo yake, anawagombeza: wewe toka hapo, wewe acha ndala ya watu, wewe huna adabu kama marehemu babu yako. Mpaka amalize kuwasema, mizunguko sita imeisha na mwenyewe hana habari.

Sasa tangu Jumanne hakuna aliyetembea. Jumanne mwewe alishuka uani mchana kweupe, akamkwapua Zipu mgongoni, akamwinua kiasi cha goti kabla hajaponyoka na kujichimbia chini ya beseni. Toka siku hiyo mbwa wote wawili wanaishi chini ya cherehani, na Bibi anaishi kitandani. Jana Fundi alipomkanda ule mguu aliukuta umevimba na umekuwa mzito kama siku za mwanzo. Hakulala. Kulipokucha alikuwa ameshakata shauri kwamba kinacholeta mwewe ni harufu ya samaki.

Mama Chanja naye hakuwa na pa kurudi nyuma, kwani chanja ndizo zinazomlisha. Akaeleza kwamba samaki wake amewafunika kwa wavu, utumbo anaufukia, na mwewe wa hapa walishamkatia tamaa zamani. Kisha akajifuta mikono, akasema, “Niletee huyo mgonjwa nimwone.”

Fundi akaenda kumtoa Zipu, akarudi naye kwapani. Ndipo wale ambao hatukuwahi kuviona vile vikoti tukaviona. Zipu alikuwa amevaa satini nyekundu, inayong’aa, mabaki ya magauni ya wasimamizi wa harusi fulani. Fundi akatueleza, na hapo sauti yake ilikuwa ya mtu anayeonyesha kazi. Wiki iliyopita alimwona mwewe akizunguka chini kuliko kawaida, akaona awashonee mbwa kinga: satini juu, satini chini, katikati kipande cha gunia ili kucha zisifike kwenye ngozi. Na rangi aliichagua kwa ajili ya Bibi. Macho ya Bibi yameingia ukungu, ila chekundu anakiona hata kikiwa mbali.

Mama Chanja akamtazama Zipu. Akamtazama Fundi.

“Uliwavisha lini?”

“Jumatatu jioni.”

“Na mwewe kashuka lini?”

“Jumanne,” Fundi akasema, na neno lenyewe likamwishia njiani.

“Fundi,” Mama Chanja akasema kwa upole kabisa, “mwewe anaishi kwa kunyang’anya nyama buchani. Wewe umemshonea minofu miwili, ukaitia miguu.”

Tukashika mbavu. Lakini Fundi ni mtu wa kazi yake, akakataa. Satini ni satini, akasema, na ndege anayeona panya akiwa huko juu hawezi kushindwa kutofautisha satini na nyama. Mama Chanja hakubishana naye. Alimvua Zipu koti, akalishindilia matambara, akaliweka juu ya tangi la maji, akatuamuru sote turudi milangoni na tufunge midomo.

Ua wetu haujawahi kunyamaza namna ile. Bibi kule ndani akauliza nani amefariki. Fundi akaenda kumweleza, na Bibi akasema basi asogezwe dirishani, hawezi kusimuliwa jambo linalotokea mlangoni kwake.

Hatukungoja sana. Kivuli kilipita juu ya bati, kikarudi, kisha mwewe akaja kama kitu kilichorushwa, na tangi likabaki tupu. Koti likapaa juu ya paa, mikono yake miwili mifupi ikining’inia kama mtoto aliyebebwa vibaya. Mwewe akalipeleka hadi kwenye nguzo ya umeme, akatua, akaanza kulichambua.

Bibi alicheka mpaka akapaliwa. Alipopata pumzi akaita pale dirishani, “Kazi nzuri, mwanangu. Mshono haujaachia.”

Fundi alisimama katikati ya ua akiitazama nguzo. Kisha akamwendea Mama Chanja, akamwambia taratibu, “Dada, nimekukosea.”

“Usiniombe radhi mimi,” Mama Chanja akajibu. “Kamwombe yule anayetafuna gunia.”

Ila hakuishia kwenye utani. Alisema kuvua vikoti ni nusu tu ya kazi. Mbwa wa kimo kile, siku ndege ana njaa kweli, hahitaji kuvaa nyekundu, na isitoshe hawatatoka nje kwa kuambiwa. Akaingia uvunguni kwake akatoka na wavu wa zamani, umechanika mahali pengi, akamtupia Fundi miguuni. Ukaanza mkasa mwingine. Mtu anayepachika mkono wa shati amefumba macho, siku hiyo alifungishwa fundo la wavu kama mwanafunzi, akakosea, akafumuliwa, akakosea tena, Mama Chanja akimwambia kila mara kwamba samaki wangekuwa wameshatoroka.

Wavu ulipoungwa, haukutosha ua mzima. Ulitosha njia moja ndefu, upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Fundi akataka uanzie mlangoni kwake uishie ukutani. Haikuwezekana, kwa sababu ukutani hakuna pa kuufunga, na nguzo imara zilizopo uani ni za chanja. Basi ukaenda huko huko, toka mlango wa Fundi hadi chanja, mbele ya chumba cha Mama Chanja. Wakaufungia vipande vya kitambaa cheupe, ndege auone asije akanasa. Na kwa kuwa Bibi alilalamika kwamba bila vikoti hatawaona watu wake, Fundi akawavalisha mikanda yenye vikengele vidogo, vile vya kushonea nguo za ngoma za shule.

Asubuhi yake sote tulijidai tunafagia. Kifungo alitoa pua, akatazama juu, akarudi. Akatoa pua tena. Zipu akamruka akatoka, kengele zikalia, na nyuma yao tukaisikia fimbo.

Bibi alikuja polepole, mguu ukiburura. Aliwagombeza huku akijitafutia pumzi, wewe pole pole, unawahi wapi, na Fundi alimfuata kwa nyuma, mikono ameinyoosha kama mtu aliyebeba sinia, na sinia hakuna. Ukutani pale pa zamani palikuwa hatua kumi na mbili. Hii njia ya wavu tulihesabu ishirini na nne. Kwenye ya kumi na tano Bibi alisimama, akapumua. Mbwa hawakumngoja, kwa kuwa ndani kwa Mama Chanja samaki walikuwa kikaangoni. Wakaingia moja kwa moja. Bibi akawafuata.

Alifika mlangoni ameloa jasho, na toka augue hakuwa amefika mlango wa mtu. Akashika fremu, akajiweka sawa, akasema yeye hakuja kutembea, amewafuata mbwa wake.

“Mbwa wako wameshakaa, Bibi,” Mama Chanja akasema, akimvutia kiti. “Na wewe kaa, sahani yako ni hii.” Kisha akamwona Fundi nje ya kizingiti, mikono ingali hewani. “Fundi, ingia tule. Ila hiyo mikono ishushe kwanza, ukanawe.”