Kafi la Aline

Kwa wiki nyingi Aline na Merveille walifanya mazoezi ya mbio za mitumbwi ziwani, karibu na mji wa Baraka, lakini kasi yao haikupanda. Aline, aliyekaa nyuma, akaanza kumshuku mwenzake. Mbona alicheka sana na wapinzani wao sokoni? Labda havuti kwa makusudi.

Asubuhi moja akaamua kumpima. Aligusisha kafi lake majini bila kuvuta, akangoja mtumbwi upunguze mwendo. Haukupunguza. Ulinyooka, ukaendelea vilevile.

“Aline, leo unapiga muzuri!” Merveille alisema bila kugeuka. “Siku zote unachelewaka, unatuzuia. Mi niliogopa kukuambia, unakasirikaka.”

Aline aliona aibu. Akayatazama mabega ya mwenzake, akavuta sambamba nayo, na siku hiyo wakaishinda kasi yao ya zamani.