Jumamosi ya Apolonia

Bwana afya Pantaleo aliinamia pipa la maji, akachota kwa kiganja, akanusa, kisha akayamwaga mchangani polepole. Mektilda alisimama kando yake, mikono kifuani, kama mtu anayengoja kusomewa hukumu.

"Yamechemshwa?"

"Yote, baba. Tangu alfajiri moto haujazimika."

"Na choo?"

"Tumemwaga majivu. Baba Apolonia ameifuata chokaa misheni."

Pantaleo alifunga daftari lake. Mwaka ule wa sabini na nane kipindupindu kilikuwa kikiteremka kutoka upande wa ziwani, kijiji baada ya kijiji, na Ushirombo nzima ilikuwa roho juu. "Sikuzuii, mama," akasema. "Lakini nakwambia mapema. Akipatikana mtu mmoja tu anayeharisha na kutapika katika kitongoji hiki kabla ya Jumamosi, watu watatoka kanisani waende makwao. Hakuna sahani itakayoguswa."

Ilikuwa Jumatano. Kuanzia hapo Mektilda hakulala usingizi wa maana. Karamu ya harusi ya binti yake Apolonia ilikuwa ifanyike uani, maana nyumba yao isingewatosha hata wageni wa upande mmoja. Turubai waliazimwa na chama cha ushirika, madawati yangetoka shuleni, na wakwe wangekuja kwa lori kutoka Kagongwa. Harusi ilikuwa imeshaahirishwa mara moja, Pasaka, baba yake bwana harusi, Donatus, alipofariki. Wakwe walikwisha kusema kwamba safari hii hawatarudi mikono mitupu. Kila mtoto aliyekwenda chooni mara mbili, Mektilda alimfuata kwa macho. Mtu akikohoa, aliuliza anaumwa nini.

Ijumaa asubuhi wapishi walifika wote isipokuwa mmoja, naye ndiye waliyekuwa wakimtegemea. Scolastika, Mama Mbuke, ndiye aliyekuwa akisimamia vyungu vya harusi zote pale kitongojini. Hata ya Mektilda mwenyewe, miaka ishirini nyuma, wali wake aliupika yeye. Saa nne ikapita. Mektilda akajifunga kanga ya pili akamfuata kwake.

Alimkuta nyuma ya nyumba akifua shuka. Nyingine mbili zilikuwa zimeanikwa uani, zikitiririka maji.

"Nakuja, Mama Apolonia," Scolastika alisema haraka, bila kuinua uso. "Namalizia hapa tu."

Mektilda aliinama akaingia ndani. Mbuke, binti wa miaka saba, alikuwa amelala juu ya mkeka. Macho yamezama, midomo imekauka, na vidole vyake, Mektilda alipovishika, vimesinyaa kama vya ajuza.

"Ameanza lini?"

"Leo alfajiri. Ni mihogo mibichi, walikula jana na wenzake." Scolastika alikuwa amesimama mlangoni, mikono ikichuruzika povu. "Usimwambie mtu. Watampeleka kambini kwa wagonjwa wa kipindupindu, na wewe umesikia kambini wanakwenda wangapi na wanarudi wangapi. Huyu ndiye pekee niliyebakiwa naye. Nitampa maji ya mchele, atapona. Na kesho yako itakuwa salama."

Neno lile la mwisho ndilo lililomtoa Mektilda pale nyumbani. Alitoka bila kuaga. Njiani alihesabu saa: leo mchana, jioni, usiku, kesho asubuhi misa, saa saba chakula. Siku moja tu. Nani angejua? Mwenye mtoto mwenyewe ameomba mdomo ufungwe. Yeye ni nani hata amkatalie shoga yake?

Uani wanaume walikuwa wakilivuta turubai juu ya nguzo, wakiitikiana kwa sauti. Apolonia alitoka chumbani na gauni lake jeupe, pindo ameliinua kwa vidole lisiguse vumbi.

"Mama, kiunoni kumekaa sawa?"

Mektilda alinyoosha mkono kuushika mshono. Mkono ukamgandia hewani. Hakuwa amenawa.

Aliutazama mkono ule kwa muda. "Kumekaa sawa," akasema. "Vua, usilichafue." Kisha akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, akanawa tena, akatoka akashika njia ya kwenda zahanati. Kamili, mumewe, alimwita kutoka juu ya ngazi, akiuliza nguzo ya tano iwekwe wapi. Hakugeuka. Alijua akisimama hatafika.

Pantaleo alimsikiliza mpaka mwisho. "Unajua maana yake kesho?" akauliza.

"Najua. Fanya haraka, baba. Mtoto amekauka."

Gari la misheni lilimchukua Mbuke kabla ya saa nane. Scolastika alipanda naye, akampita Mektilda barabarani bila kumtupia jicho.

Jumamosi Apolonia na Donatus walifunga ndoa. Baada ya misa wakwe walisimama nje ya kanisa wakiwa hawana pa kwenda, na shangazi yake Donatus akasema kwa sauti ya kusikika, "Tumetoka Kagongwa kuja kuoa au kuja kufukuzwa?" Kamili alitazama viatu vyake. Mektilda aliomba radhi kwa kila mmoja, akipiga goti mbele ya wakubwa, na wengine hawakuitikia. Apolonia hakulia mpaka alipopanda lori. Lilipoondoka, vumbi lilikaa hewani muda mrefu, na Mektilda naye alikaa akilitazama.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda na nguo zake za harusi hadi kambini, darasa lililogeuzwa wodi nyuma ya shule. Palizungushiwa kamba, na mlinzi akamwonyesha asiivuke. Scolastika alikuwa ameketi barazani, ng'ambo ya kamba.

"Anaendeleaje?" Mektilda aliuliza.

"Wamemtundikia chupa ya pili ya maji," Scolastika alisema, akiitazama miguu yake. "Asubuhi ameniita mama. Hawasemi zaidi."

"Nimesikia."

"Na wakwe? Wamekula?"

"Hawakula."

Scolastika aliinua uso kwa mara ya kwanza, akamtazama shoga yake juu mpaka chini, kitambaa cha kichwani, kitenge kipya, viatu vyeupe kwa vumbi. Ndani mtu aliita, "Mama Mbuke!" naye akainuka kwa haraka akaingia.

Mektilda alitandika kanga yake chini, upande wake wa kamba, akaketi.