Kadi ya Penina

Kitu cha kwanza Penina alichokiona kwa yule mwanamke kilikuwa kipara kidogo nyuma ya sikio la kushoto, upana wa kizibo cha soda. Hakikuwa cha mba wala cha dawa ya nywele. Ngozi ilikuwa laini, inang'aa, kama mahali ambapo nywele ziling'olewa na mizizi yake. Msusi huona mengi kabla hajaambiwa. Penina alizichana nywele za juu, akazilaza pale, akaanza kusuka.

"Umekiona, eh?" mwanamke akasema.

"Nimekiona, dada."

"Na huulizi."

Penina akatabasamu, ingawa yule alikuwa amempa kisogo. Ndiyo maana aliipenda kazi hii. Tangu alipoacha shule darasa la tano, mama yake alipoanza kuugua, macho ya watu yalimfunga ulimi. Visogo havikumtisha.

Mwanamke aliitwa Loisi. Alikuwa amehamia Miyuji mwezi ule na binti yake wa miaka minne, chumba cha uani kwa bibi mmoja aitwaye Anyesi, nyuma ya mashine ya kusaga. Alikuja kusuka twende kilioni, mtindo wa haraka, lakini alikaa pale kibarazani mpaka jua likageuka. Wiki iliyofuata akarudi, na iliyofuata tena.

Kanisani kwao Penina ulikuwa mwezi wa kushuhudia. Kila muumini alipewa kadi ya manjano ya kuandika jina la mgeni aliyemwambia habari za Yesu, na chini yake hitaji la mgeni huyo ili kanisa limwombee. Jumapili kadi zilisomwa madhabahuni. Mwenye kadi alisimamishwa, watu wakampigia makofi.

"Penina mdogo wangu, Jumapili ya tatu hii!" alisema Anjelina, mtumishi wa ofisi moja ya serikali na kiongozi wa akina mama wa uinjilisti. "Kadi yako haijaguswa hata na nzi. Au na Yesu unamwonea aibu?"

"Mwache," Ruthu wa kwaya akadakia. "Huyu atashuhudia kwa ishara."

Wakacheka. Penina naye akacheka, maana asingecheka angelia. Nyuma yao mwinjilisti Zablon alikuwa akiwakumbusha watu: "Na mwandike kinaganaga, wapendwa. Ukiomba kwa jumla, utajibiwa kwa jumla."

Siku Loisi aliporudi, Penina alisuka mistari sita nzima kabla sauti haijamtoka.

"Dada Loisi. Yesu anakupenda."

Loisi akageuka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. "Hee! Kumbe siku zote umekaa na maneno hayo mdomoni, unanisuka tu?" Akacheka sana. Kisha cheko likakatika, akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Basi mwambie anifiche."

Akamsimulia. Mumewe, Ulimboka, alikuwa mpakiaji wa mahindi sokoni Kibaigwa. Kipara kile ni mkono wake. Alimwapia kwamba safari nyingine atang'oa kichwa, si nywele. Loisi aliondoka alfajiri, mtoto mgongoni, na hata dada zake hakuwaambia anakokwenda.

"Wanaojua ni wawili," alisema. "Bibi Anyesi, kwa sababu nalala kwake. Na wewe, kwa sababu husemi."

Penina akaweka mkono juu ya kile kichwa kilichosukwa nusu, akaomba. Hakuwahi kuomba kwa sauti mbele ya mtu. Maneno yalikuja machache, lakini yalikuja, na Loisi akaitikia amina kama mtoto.

Jumamosi jioni alichukua penseli. Herufi zake zililala ubavu, nyingine alizifuta mara mbili. Aliandika: *Loisi ametoka Kibaigwa. Mume wake Ulimboka mpakia mahindi asijue anakaa Miyuji kwa bibi Anyesi nyuma ya mashine ya kusaga.* Kadi ikajaa mpaka pembeni. Akaisoma, akaisoma tena.

Jumapili alipoingia kanisani, kadi ameshamkabidhi Anjelina mlangoni, aliona mabenchi mawili ya mbele yamejaa watu wenye sare ya bluu. Akamuuliza jirani yake ni akina nani.

"Kwaya ya wageni. Wametoka Kibaigwa."

Toka alipoketi mpaka kwa Anjelina zilikuwa hatua ishirini hivi. Kadi zilikuwa bado mkononi mwake, hazijafunguliwa. Penina alihesabu wimbo wa kwanza, wa pili, wa matoleo. Miguu ilikataa kusimama mbele ya watu mia tatu.

Ilipofika zamu ya kadi, miguu hiyohiyo ilisimama. Anjelina aliita, "Penina! Leo bubu amesema!" na kanisa lote likalipuka kwa makofi. Kadi ikasomwa neno kwa neno kwenye kipaza sauti. Kwenye mabenchi ya bluu mama mmoja alimgusa mwenzake begani. Kijana wa sauti ya nne akatoa simu.

Jumatano Ulimboka alifika na pikapu na baba zake wadogo wawili. Hakumgusa mke. Alimbeba mtoto, akampakia.

"Mtoto ni wa ukoo," mmoja wa wazee akasema. "Mama akitaka kubaki, abaki."

Loisi akapanda mwenyewe. Kabla gari halijaondoka alimgeukia Anyesi, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. "Bibi! Nilikuita mama, ukaniuza!"

Gari lilipopita mbele ya kibaraza cha Penina, Loisi alimwona, akapunga mkono.

"Niombee, Penina!"

Penina alikuwa na kitana mkononi na kichwa cha mtu mwingine magotini. Akaitikia kwa kichwa.

Tangu siku hiyo wanawake wa mashine ya kusaga, wasiosali kanisani kwa Penina, walimpisha Anyesi njia kama anayenuka. "Bibi, leo unamuuza nani?" Mpangaji wa chumba cha pili akahama. Jirani akamkataza mwanawe kwenda kuchota maji pale.

Jumapili Anjelina alipanda madhabahuni anang'aa. "Wapendwa, kadi moja imejibiwa ndani ya siku tatu! Tuliomba mume asijue. Mungu akakataa, akatenda lililo bora. Mume amekuja mwenyewe kumfuata mkewe! Ndoa imepona!"

Makofi, vigelegele. Penina akaitwa mbele, akavikwa kitenge mabegani, zawadi ya roho ya kwanza aliyoileta kwa Yesu. Zablon akamwekea kipaza sauti mdomoni.

"Sema neno, binti."

"Bwana asifiwe," alisema Penina.

"Amina!" likajibu kanisa, naye akarudi kuketi.

Ibada ilipokwisha hakwenda nyumbani. Alikwenda nyuma ya mashine ya kusaga, na kitenge chake begani. Anyesi alikuwa uani peke yake, anachambua mlenda kwenye ungo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kumtazama muuza watu?"

"Si wewe, bibi. Ni mimi. Niliandika kwenye kadi, ikasomwa kanisani. Watu wa Kibaigwa walikuwepo."

Mikono ya Anyesi ikatulia juu ya ungo. "Ulijua wapo?"

"Niliwaona kabla haijasomwa."

"Na ulipoiandika nyumba yangu, na mashine ya kusaga, ulidhani Mungu hajui ninapokaa?"

Penina alimtazama usoni. Hakukuwa na kisogo cha kujificha nyuma yake.

"Nilijua anajua, bibi," alisema. "Nilitaka kadi yangu iwe ndefu. Nilitaka na mimi wanipigie makofi."