Kadi Isiyo na Uso

Kila siku ikifika saa kumi na moja jioni, nawafuta watoto pua, nawafunga viatu, natafuta ile soksi moja ambayo haikosi kupotea, kisha nasimama mlangoni na daftari la makabidhiano. Mlinzi wa geti anaita mtoto, mchukuaji anaonyesha kadi ya njano yenye picha yake, nami natia sahihi chini ya sentensi iliyochapwa: "Nimemkabidhi mtoto kwa mtu salama." Hilo ndilo neno zito kuliko yote ninayoyasema kutwa nzima katika kituo hiki cha kulelea watoto. Mengine ni "sawa, Madamu" na "ndiyo, Madamu", kwa mkuu wa kituo.

Siku hiyo nilikuwa kwenye kiatu cha kushoto cha Kifungo niliposikia makelele getini.

"Mama, huchukui mtoto hapa!"

"Mtoto wangu mwenyewe?"

"Wa kwako, wa jirani, mimi naangalia kadi."

Kifungo akaruka na kiatu kimoja. "Mama!"

Ana miaka minne. Jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza, alipomeza kifungo cha koti la Madamu. Kifungo kilipatikana baada ya siku mbili, Madamu akakishona tena mahali pake, na jina likabaki.

Mama yake ni dobi wa hospitali. Alikuwa amesimama nje ya geti na sare yake ya bluu, mikono imekunjamana kwa maji, ananukia sabuni hadi mlangoni kwangu. Mama huyu yuko kwenye Msaada wa Malezi: ofisi ya serikali inalipa sehemu kubwa ya ada, naye anapeleka barua ya mwajiri inayothibitisha kwamba kituo kikiwa wazi, yeye yuko kazini. Kwa sababu yuko kazini, hawezi kumchukua mtoto. Kwa sababu hawezi kumchukua, picha yake haiwekwi kwenye kadi ya njano. Huwekwa ya mtu mwingine, na kwa Kifungo ni bibi yake.

"Mama yangu ameteleza bafuni, goti limevimba," dobi akasema. "Nimeomba ruhusa ya saa moja, narudi kumalizia mashuka. Nipeni mtoto nimpeleke kwa jirani."

"Kadi?"

"Anayo bibi. Iko njiani, inaletwa."

Madamu akatoka ofisini akipangusa midomo, na nyuma yake Afisa wa Ulinzi wa Watoto, kutoka ofisi hiyo hiyo inayotoa Msaada. Afisa alikuja tangu asubuhi kukagua usalama wetu. Usalama aliukagua akiwa kitini, kati ya sahani ya keki na feni. Saa tisa aliomba kuona watoto "wanavyojilinda", nikawapanga mstari, wakamwimbia wimbo niliowatungia: "Simjui, siendi, hata anipe pipi." Alipiga makofi mpaka akamwaga soda.

Sasa alimtazama dobi juu mpaka chini. "Wewe ndiye mzazi?"

"Ndiyo, bosi."

"Barua yako inasema saa hizi uko kazini."

"Nimeomba ruhusa."

"Kama uko hapa, hupo kazini. Kama hupo kazini, huhitaji msaada. Kama huhitaji msaada, mtoto huyu anakaa hapa kwa utaratibu gani?" Akamgeukia Madamu, kana kwamba amekamata mwizi. Madamu akaninyooshea mimi kidole, sijui kwa nini. Labda nilikuwa karibu.

Nilikuwa na jibu, lilikuwa tayari kabisa, lakini nilichotoa ni kikohozi.

"Bosi, usiandike hivyo," dobi akasema polepole. "Msaada ukikatwa, itabidi niache kazi nikae naye. Nikiacha kazi tutakula nini?"

"Mimi siandiki huruma, mama. Naandika ninachokiona."

Ndipo pikipiki ikasimama. Mwanaume mwenye ndevu na kofia ngumu akashuka, akatoa kadi ya njano mfukoni. "Nimetumwa na bibi mmoja, goti bovu. Nani mwenye geti?"

Mlinzi akaipokea kwa mikono miwili. Namba ilikuwepo. Muhuri ulikuwepo. Mahali pa picha palikuwa na doa jeupe, safi kama yai.

"Hiyo niliifua," dobi akasema, amejiinamia. "Ilikuwa kwenye mfuko wa gauni la mama. Nafua mashuka ya wodi nzima, kadi moja ikanipita."

Afisa akaigeuza kadi kwenye mwanga. "Inasomeka. Picha haimkatai mtu."

"Haimkubali pia," akasema mwenye pikipiki. "Mimi mtoto simjui, jamani. Nimelipwa kuleta kadi tu."

"Mwenye kadi ndiye mchukuaji," Afisa akasema. "Mzazi abaki kazini, kama barua inavyosema, na taratibu zote ziko sawa. Mwalimu, mkabidhi."

Madamu akapumua. Mlinzi akafungua geti. Hata dobi aliegemea nguzo, akaninong'oneza, "Dada, mpe tu. Nitampokea hapo kwenye kona. Nisaidie, msaada usipotee."

Nikashusha macho kwenye daftari. Sentensi ilikuwa pale pale. Kifungo alikuwa ameshika sketi yangu kwa ngumi mbili, akamtazama mwenye ndevu, kisha akaanza kuimba, kwa sauti nyembamba inayotetemeka: "Simjui, siendi..."

Afisa akatabasamu. "Anaimba vizuri. Haya, saini."

"Sawa, Ma..." nikaanza, kwa mazoea. Neno likakwama. Nikafunika kalamu.

"Sisaini," nikasema.

"Unasemaje?" Madamu akauliza, kama aliyesikia kabati likiongea.

Mdomo ulishatangulia.

"Nasema sisaini. Huyu kaka simjui, na mwenyewe amesema hamjui mtoto. Yule pale ni mama yake. Namwona kila asubuhi akimbusu kabla hajakimbilia kazini. Nitaandika kwamba mtoto amechukuliwa na mama yake kwa sababu bibi ameanguka, na mama ameomba ruhusa ya saa moja. Bosi, na wewe umesema unaandika unachokiona. Basi andika hayo yote, na ukitaka kumkatia msaada kwa sababu hiyo, weka jina lako chini yake. Wewe hulindi mtoto. Unalinda kadi, na hata hiyo kadi haina mtu."