Ushauri kwa Mke Mbishi

Mshauri hakuwahi kutia mguu katika nchi ile, lakini ungemsikia akiisimulia ungeapa kazaliwa huko. Ndiyo kazi iliyompa jina. Katika ofisi yao ya safari, ghorofa ya pili juu ya duka la vioo, wasafiri wa kawaida walihudumiwa meza za mbele. Yule mmoja mmoja aliyetaka kwenda kwenye nchi ya jangwa linaloshuka mpaka baharini, ambako mgeni ni wa kutafuta kwa tochi, aliletwa kwenye meza ya Mshauri karibu na dirisha. Kila msafiri aliyerudi kutoka huko alikalishwa kitako na kuulizwa maswali mpaka akaomba aruhusiwe kwenda kulala.

Asubuhi hiyo alikuwa na mteja mmoja tu, mwalimu mstaafu mwenye kofia mpya ya jua.

"Kofia sawa, mwalimu, lakini beba na sweta. Usiku jangwani baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Ukiona kituo cha mafuta, jaza, hata kama umejaza kile kilichopita. Kutoka uwanja wa ndege kwenda mji wa bandari, shika njia ya lami, ile ya bara. Ya pwani ni fupi, ila ni mchanga mtupu, simu haishiki, na ukungu wa baharini ukishuka huoni hata boneti yako. Na gari likikwama, usiliache. Gari linaonekana kutoka mbali, mtu haonekani."

Simu ikaita. Alikuwa mwanyumba wake, mume wa dada wa mkewe, akipiga kutoka mji uleule wa bandari.

"Ndugu yangu, shemeji hajafika."

Mke wa Mshauri alikuwa ametua huko jana asubuhi, akakodi gari ili aende kumuuguza dada yake aliyetoka kupasuliwa. Safari yenyewe ilikuwa ya kumaliza kabla jua halijazama.

"Nilidhani kalala njiani," mwanyumba aliendelea. "Simu yake haipatikani. Nina pikapu, lakini mafuta niliyonayo yanatosha njia moja tu kati ya zile mbili, kwenda na kurudi. Kituo hapa kimekauka mpaka kesho, na gari la polisi liko juu ya mawe. Sasa sema wewe. Ulimwambia apite wapi?"

"Pwani," Mshauri akajibu.

"Haya, naelekea pwani."

"Hapana, ngoja! Nilimwambia pwani ili apite lami."

"Sijakuelewa."

Ungemwelewaje mtu kama huyo? Mwalimu mstaafu naye aliivua kofia akabaki kaduwaa. "Samahani," alinong'ona, "na mimi nipite wapi?"

Ukweli ni kwamba Mshauri, aliyesikilizwa na watu wazima wenye fedha zao, nyumbani hakusikilizwa hata na paka. Mkewe alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Mwambie abebe mwavuli, atauacha mlangoni makusudi na kurudi kalowa chapachapa huku akicheka. Basi Mshauri akajifunza kumgeuzia maneno. Akitaka abebe mwavuli, alisema mvua hainyeshi. Nyumba ikatulia. Hata wiki hii mkewe alipokuwa akifungasha, alisimama mlangoni akampa ushauri wote kichwa chini: usibebe sweta, jangwani ni joto tu, usijisumbue na maji, gari likikwama, liache utembee.

Liache utembee. Akampigia binti yao haraka.

"Mama alibeba sweta?"

"Mbili," binti akasema. "Alikuwa anacheka, Baba. Alisema, baba yako kasema ni joto, basi huko watu wanaganda. Mama anajua siku nyingi unavyomgeuzia. Kwani wewe hujui kama anajua?"

Hakujua. Alikata simu. Kama mkewe anajua, basi pwani aliisikia kuwa lami, na pikapu iende lami. Alikwisha kuanza kumpigia mwanyumba pale kitu kilipomrudia, akaacha.

Jana, mkewe alimpigia akiwa uwanja wa ndege, funguo za gari mkononi. "Baba Watoto, leo acha utani. Hapa hakuna hata mtu wa kumuuliza. Niambie kweli, nipite wapi?" Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu mwenye hofu. Mshauri alikuwa na wateja mbele yake, akajibu kwa mazoea: "Pwani." Naye akasema, "Haya, asante," akakata.

Haya, asante! Mwanamke aliyebishana na tangazo la redio. Mshauri aliliona lile neno kuwa geni, kisha akarudi kwa wateja wake. Sasa lilimchoma. Lakini kama jana alimwamini, je, hakuyaamini na yale mengine? Hakuanza kutembea mchangani?

Alimpigia mwanyumba. "Nenda pwani."

"Una uhakika?"

"Sina. Lakini nenda."

Mchana ule hakula. Mwalimu mstaafu alikataa kuondoka. Alimletea maji, akakaa naye, na Mshauri alimshukuru moyoni kwa hilo. Alasiri simu ikaita. Kwanza ulisikika upepo, halafu sauti ya mkewe.

"Shemeji kanikuta, kanileta hadi hapa simu inaposhika. Nilizama kwenye mchanga mpaka mlangoni. Ukungu tangu jana. Nimelala na sweta zote mbili."

"Hukutembea?"

"Nitembee niende wapi? Uliposema nitembee, nilijua nikae." Kisha sauti ikatetemeka. "Miaka yote hii nakuelewa, mume wangu. Siku moja tu nimekuuliza kama mtu anavyomuuliza mumewe."

Mshauri aliomba radhi, akarudia, na kila radhi ilimtoka mdomoni ikiwa nyepesi.

"Basi," mkewe akasema. "Na nikirudi, nipite wapi?"

Alifungua mdomo. Akisema lami, ataisikia ipi? Akisema pwani je? Aibu, hofu na hamu ya kumwona vilimjia pamoja.

"Usirudi," alisema, na sauti ikamkatika. "Kaa hukohuko. Sisi hapa hatuna haja na wewe."

Upepo ulivuma kwenye simu. Akamsikia akipenga kamasi.

"Nimesikia," mkewe akajibu. "Dada akipata nafuu tu, nakuja. Napita lami."