Maswali Thelathini kwa Dakika Thelathini

Kiema alikuwa amefundisha hesabu katika shule ya sekondari karibu na soko la Tulia kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuna mwanafunzi aliyepata alama kwake kwa jibu tupu. Lazima uonyeshe njia, hatua kwa hatua, mistari imenyooka kama mahindi shambani. Ukimletea jibu sahihi bila njia anakuandikia sifuri kubwa, tena kwa furaha fulani. Ndila wa Kidato cha Tatu, aliyekuwa akipiga hesabu kichwani kabla mwalimu hajaweka chaki chini, alikuwa na sifuri za kutosha. "Umeiba wapi?" Kiema alimuuliza siku moja mbele ya darasa, na hakungoja ajibu.

Mwaka 1986 chuo kimoja cha Marekani kilimwandikia kwamba kitamchukua kwa shahada ya uzamili na kumlipia karo, mradi afanye GRE, mtihani wao wa kuingilia masomo ya uzamili, na kupata alama mia sita na hamsini kati ya mia nane katika hesabu. Nafasi ingemngoja hadi Desemba, basi. Kiema alisoma barua akacheka. Hesabu? Yeye anayeitwa Nairobi kila mwaka kusahihisha mitihani ya taifa? Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, ingawa hakumwambia mtu.

Madam Halima, mwalimu wa bayolojia, binti wa wenye duka wa Kitui mjini, alikuwa ameufanya mtihani huo mwaka juzi. Alimwazima kitabu cha mazoezi, akaketi naye katika chumba cha walimu baada ya vipindi akiangalia saa. Maswali thelathini ya kuchagua herufi ya jibu, dakika thelathini. Muda ulipokwisha Kiema alikuwa amefanya kumi na manne, yote sahihi, kwa mwandiko wa kupendeza.

"Mwalimu, na hii ni nini?" Halima aliuliza, kidole juu ya swali la tatu. Lilitaka kujua kipi ni kikubwa, 49 mara 51 au 50 mara 50. Kiema alikuwa amelijibu kwa mistari sita.

"Ni njia."

"Nani atasoma?"

"Mwenye kusahihisha."

"Hakuna mtu, mwalimu. Ni mashine. Inaangalia tu ile kiduara umepaka penseli. Hiyo karatasi ingine wanatupa."

"Wanatupa?"

"Na ukibaki na maswali, paka C mpaka chini. Ukikosa hawakukati kitu."

Kiema alifunga kitabu. "Nibahatishe? Madam, mimi nimechapa watoto kwa sababu ya hiyo."

Alifanya mazoezi wiki sita. Alijikaza, akafika maswali ishirini, na hapo akakwama. Macho yaliona jibu mapema, lakini mkono ulikataa kuruka hatua.

Mapema Oktoba, katika ukumbi wa mtihani Nairobi, msimamizi alipotangaza dakika tano, Kiema alikuwa na viduara tisa vitupu. Aliona aibu kabla hajafanya lolote. Aliwaza kuviacha hivyo hivyo, awe mtu safi, arudi Tulia. Kisha akapaka C, C, C, hadi chini, na haikumchukua hata dakika moja. Katika sehemu ya pili ya hesabu hakungoja msimamizi atangaze.

Matokeo yalifika wiki ya kufunga shule. Mia sita na hamsini kamili.

Halima alipiga vigelegele, akaagiza mandazi. Kiema alifurahi, kweli alifurahi, ila alikaa na ile karatasi akijaribu kukisia ni maswali mangapi aliyoyajua na ni mangapi aliyoyaokota. Hapakuwa na namna ya kujua.

"Wachana na hiyo," Halima alisema. "Umepita."

Alasiri hiyo aliingia Kidato cha Tatu kwa mara ya mwisho, akaandika swali la marudio ubaoni. Habari ilishaenea, na darasa lote lilikuwa likimtazama kwa fahari. Ndila akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huko kwa mtihani ya Amerika, hata wewe ulionyesha njia?"

Hakuwa na dhihaka. Alitaka kujua. Kiema alifuta chaki vidoleni, kimoja kimoja.

"Yote," alisema. "Kila hatua."

Ndila aliinamisha kichwa. Akachukua kifutio, akafuta jibu alilokuwa ameshaliandika katikati ya ukurasa, sahihi kabisa, akaanza upya kutoka mstari wa kwanza.